Usisaini Fomu ya Masomo ya Darasa la 12 Kabla ya Kuisoma

Mzazi aliyesoma Tanzania anaijua tahasusi, yaani mchepuo wa masomo: ukipangiwa PCB (fizikia, kemia na biolojia), mambo yameisha, masomo yako hadi kidato cha sita yanajulikana, na chuo kikuu kitakupima kwa hayo na kwa mtihani wa mwisho. Ukiingia nayo mawazo hayo sekondari ya Marekani utapotea. Huku mwanafunzi hujipangia masomo upya kila mwaka, na hakuna mtihani mmoja wa taifa wa kumaliza shule. Fomu ya masomo ya darasa la 12 huja nyumbani mwanao akiwa bado darasa la 11, mara nyingi kati ya Januari na Machi. Wengi wetu huisaini tukiwa tunakimbilia zamu ya usiku, kwa sababu mtoto amesema ni karatasi ya shule tu. Kumbe ndiyo orodha ambayo vyuo vitaisoma miezi michache baadaye.

Angalia kalenda. Common App, mfumo wa maombi unaotumiwa na vyuo vingi, hufunguliwa tarehe 1 Agosti. Maombi ya mapema hufungwa zaidi Novemba mosi au Novemba 15, na ya kawaida mwanzoni mwa Januari. Kufikia hapo mwanao hana matokeo ya maana ya darasa la 12. Anachoweza kuonyesha ni majina ya masomo anayosoma. Kaunsela wa shule naye hutuma ripoti, na ndani yake huulizwa ratiba ya mwanafunzi huyu ni ngumu kiasi gani ikilinganishwa na ya wenzake wa shule hiyohiyo. Maneno hayo ya mwisho ndiyo ya kushika. Shule yenye madarasa manne ya AP, yaani masomo ya kiwango cha chuo yanayosomwa sekondari, haidaiwi ishirini. Chuo hupelekewa pia maelezo ya shule yanayosema ina masomo gani. Kwa hiyo usimlinganishe mwanao na binamu yake anayesoma kitongoji cha matajiri ng'ambo ya mji.

Masomo ya msingi ni matano: Kiingereza, hisabati, sayansi, historia au maarifa ya jamii, na lugha ya kigeni. Mtego uko kwenye kauli moja utakayoisikia: "Nimeshamaliza hisabati." Ni kweli kwamba katika majimbo mengi miaka mitatu ya hisabati inatosha kupata cheti. Lakini kuhitimu ni jambo moja na kudahiliwa ni jingine. Vyuo vya University of California, kwa mfano, vinataka masomo 15 ya aina maalumu, 11 kati ya hayo yawe yamekamilika kabla ya darasa la 12, na alama ya D haihesabiwi. Kwa hisabati vinadai miaka mitatu na kupendekeza minne. Vyuo vyenye ushindani mkali huitazama hiyo minne kama jambo la kawaida. Kijana anayejaza nafasi ya hisabati kwa kipindi cha kumsaidia mwalimu kupanga makaratasi amejifungia mlango bila kuambiwa na mtu.

Hisabati ipi, basi? Anayetaka uhandisi, fizikia, kompyuta au uchumi alenge kalkulasi, kama amefika hapo. Aliyemaliza Aljebra ya Pili darasa la 11 aende kwenye somo la kuandaa kalkulasi, asiruke. Kuruka kunaleta D, na D ni mbaya kuliko somo jepesi. Kama shule haina kalkulasi kabisa, bado ipo njia: hata Caltech, chuo kigumu mno cha sayansi, tangu 2023 kinawaruhusu waombaji ambao shule zao hazina somo hilo kuthibitisha ujuzi kupitia kozi za mtandaoni kama za Khan Academy. Anayeelekea uuguzi, saikolojia au elimu atafaidika zaidi na takwimu. Na anayekwenda chuo cha jamii, ambako karibu kila mtu hupokelewa, asidhani hisabati haimhusu: akikaa mwaka mzima bila kuigusa, anaweza kupangiwa hisabati ya marudio chuoni, akalipia kile ambacho sekondari ilikitoa bure.

Nikae kidogo kwenye uuguzi, maana ndiyo ndoto ya nyumba nyingi za Wakenya na Wakongomani huku. Shule nyingi zina mafunzo ya CNA, yaani msaidizi wa muuguzi, yanayochukua nusu siku kwenye kituo cha ufundi. Msichana anafurahi, mama anafurahi, kazi itapatikana kabla hajafika miaka 19. Ila chukua ratiba yake ya vipindi saba uhesabu. CNA imekula vitatu, basi la kwenda na kurudi limekula kimoja, na vilivyobaki ni Kiingereza, serikali na uchumi, na elimu ya viungo aliyoikwepa darasa la 9. Kemia haipo. Hisabati haipo. Baadaye anaomba shahada ya uuguzi ambako kemia ndiyo chujio. Sisemi aache CNA. Nasema aifanye kiangazi, au kemia aisome darasa la 11, na mazungumzo hayo yafanyike kabla ya fomu ya mwaka husika kurudi.

Kuhusu AP, watu hudhani mtihani ndio unaowaingiza chuoni. Mitihani hiyo hufanywa Mei na matokeo hutoka Julai, wakati barua za udahili zimeshatoka zamani. Kwa darasa la 12, kinachosaidia udahili ni kulisoma somo lenyewe na alama ya darasani. Mtihani husaidia mfukoni: alama hutolewa kuanzia 1 hadi 5, na vyuo vingi vya umma hutoa krediti kuanzia 3. Familia ya kipato kidogo iulize punguzo la ada. Idadi? Mimi ningeongeza somo moja gumu, au mawili, juu ya aliyoyamudu mwaka uliotangulia, basi. Oktoba ni mwezi wa insha za maombi, na watoto wengi wa kwetu pia hulea wadogo zao au hufanya kazi dukani jioni. Jambo hilo liandikwe kwenye fomu ya maombi. Majukumu ya familia yana nafasi yake pale, karibu na michezo na vilabu.

Kozi za chuo cha jamii zinazosomwa ukiwa sekondari ni nafuu nzuri, hasa kama unakwenda chuo cha umma cha jimbo lako. Kumbuka tu kwamba alama zake hubaki kwenye rekodi ya chuo, na vyuo vingi binafsi havizipokei kama krediti.

Kiswahili cha nyumbani hakimwondolei mtoto sharti la lugha ya kigeni chenyewe tu. Uliza shule kama inatoa mtihani wa umahiri wa Kiswahili na tuzo ya wanaomudu lugha mbili, Seal of Biliteracy, iliyoanzia California na sasa imekubaliwa katika majimbo yote 50. Kijana aliyeanza shule Bukavu au Goma na bado anasoma Kifaransa vizuri aombe kuingia moja kwa moja AP ya Kifaransa, asirudishwe kujifunza kuhesabu moja hadi kumi.

Omba miadi na kaunsela mapema, Januari ikiwezekana, maana mara nyingi kaunsela mmoja ana wanafunzi mamia. Kama Kiingereza kinakupiga chenga, shule ya umma inawajibika kukupatia mkalimani bila malipo. Usimfanye mwanao awe mkalimani wa kikao kinachomhusu mwenyewe. Atakutafsiria yale anayotaka uyasikie.

Barua ya kukubaliwa ikifika, mkataba bado una masharti. Chuo kitataka matokeo ya mwisho mwezi Juni au Julai, na alama zikiporomoka kinaweza kufuta nafasi. Akitaka kuacha somo lililoandikwa kwenye maombi, hata mwezi Februari, kwanza aiandikie ofisi ya udahili barua pepe fupi kuuliza, na asubiri jibu kabla kaunsela hajaligusa.