Mkazo wa Neno na Mashine ya Nota



Somo la mwezi huu ni kutunga nyimbo pamoja na watoto kwa msaada wa kompyuta. Programu za kazi hii zipo kadhaa. MuseScore huwekwa ndani ya kompyuta, nayo hufanya kazi hata pasipo intaneti, wala hailipiwi. Flat na Noteflight hufunguliwa katika intaneti yenyewe. Sisi tuliolelewa kwa d, r, m, zile herufi alizozieneza mchungaji John Curwen wa Uingereza tangu miaka ya 1840, yatupasa kujifunza kwanza mistari mitano, maana programu hizi zimejengwa juu yake. Watoto huishika upesi kuliko sisi, nasi tusione haya kufundishwa nao.

Faida iliyo kubwa ni kwamba mtoto husikia mara moja alichoandika. Zamani mtunzi alingoja kwaya ikusanyike, ndipo ajue kama alto yake yagongana na tena. Sasa aweza kunyamazisha sauti tatu akaisikiliza moja, au kupunguza mwendo mpaka alione kosa lake mwenyewe.

Lakini nitawaambia jambo lililotupata hapa Isevya. Darasa la watoto wakubwa lilitaka wimbo juu ya wapagazi wa Kinyamwezi, waliochukua mizigo katika njia ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, wakaifananisha safari ile na safari ya Mkristo. Neno la kwanza la wimbo lilikuwa “Barabara”. Mtoto mmoja akaandika nota moja fupi, kisha pigo la nguvu, kama zinavyoanza nyimbo nyingi tulizozipokea kutoka Ulaya, nami nikamsifu. Kompyuta ikaupiga wimbo wote kwa sauti nne, safi kabisa. Hata tulipowaimbia wazee, bibi mmoja akauliza, “Wajukuu zangu, mwaimba habari za njia, au mwasema kwamba mambo yote ni sawasawa?”

Wazee wakacheka, na watoto wakanitazama mimi. Bibi alisema kweli. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho: ba-ra-BA-ra, nayo ni njia pana. Lakini ukiutia mkazo katika silabi ya pili, ba-RA-ba-ra, neno limekuwa jingine, maana yake sawasawa, kama ipasavyo. Pigo letu la nguvu lilikuwa limeikalia silabi ya pili. Kompyuta haikutukemea, maana yajua nota, haijui neno. Kwake silabi ni herufi tu zilizoandikwa chini ya nota.

Martin Luther aliliona jambo hili kabla yetu. Mwaka 1525, alipoandika juu ya wale aliowaita manabii wa mbinguni, alisema kwamba maneno, nota, mkazo na namna ya kuimba sharti vitoke katika lugha ya mama, la sivyo ni kuiga tu kama wafanyavyo nyani. Mwaka huo huo alimwita mwanamuziki Johann Walter aje Wittenberg kusaidia kuitengeneza ibada ya Kijerumani. Hakutosheka kuyaweka maneno ya Kijerumani chini ya nota za Kilatini. Na sisi tuna nyimbo ngapi zilizofungwa hivyo, ambazo mtoto huziimba miaka kumi asijue asemalo?

Basi tulianza upya, na kompyuta ikafungwa. Kwanza watoto waliyasema maneno kama watu wanaozungumza, wakipiga kofi penye mkazo. Kisha waliyasema wakitembea, mguu ukishuka pamoja na kofi. Siku ya tatu ndipo tukafungua programu, tukaandika nota mbili nyepesi kwa ba-ra, na BA ikawekwa mwanzo wa kipimo, ndefu kidogo. Tuni nyingine ikazaliwa yenyewe, tena nzuri kuliko ile ya kwanza.

Anayetaka kutunga kwa Kinyamwezi ajihadhari zaidi, kwa kuwa katika lugha hiyo kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno lenyewe. Huko haitoshi kupiga kofi. Mzee mwenye lugha na asikilize kabla nota haijaandikwa.

Tena wapagazi waliimba mmoja akianza na wengine wakiitikia. Jambo hili programu hulibeba vizuri: safu moja ya mistari kwa kiongozi, safu nyingine kwa waitikiaji, na mwitikio uweza kuingia kabla kiongozi hajamaliza. Angalieni tu pumzi. Mashine haipumui, na besi yake hushuka hata mahali ambapo hakuna mvulana wa Kipaimara awezaye kufika.

Wimbo ukiisha, waweza kupigwa chapa au kutumwa. Ndugu zetu Wakatoliki wametangulia: katika tovuti iitwayo Swahili Music Notes watunzi wao huweka nota zao, na kwaya za mbali huzichukua. Wetu bado haujafika huko. Tuliuimba tena mbele ya wazee, na yule bibi hakuuliza neno, alikuwa akiitikia.