Wino wa Mzingefuri: Kazi za Mikono kwa Mtoto Ajifunzaye Nyumbani

Mwishoni mwa mwezi wa Machi mwaka 1871, msafiri David Livingstone aliwasili Nyangwe, kando ya mto Lualaba, hali amechoka. Kabla ya hapo alikuwa amekaa miezi mingi Bambarre, ndiyo Kabambare ya leo, akiuguza vidonda vya miguu. Daftari zake zilikuwa zimejaa, na wino wake umekwisha. Mtu mwingine angaliweka kalamu chini na kusema, "Sina kitu cha kuandikia, basi siandiki." Yeye hakufanya hivyo. Alitwaa gazeti kuukuu la Uingereza liitwalo The Standard, lililochapwa mwaka 1869, akaligeuza upande, akaandika maneno yake juu ya maneno yaliyochapwa, mistari yake ikiikata mistari ya gazeti kama vile mshindio unavyoukata mtande katika kitambaa.

Wino nao alijitengenezea kwa mbegu za mti. Jina la mti huo aliambiwa na Waarabu, na kwa jinsi alivyoliandika ladhihirika kuwa ndio uitwao na Waswahili mzingefuri. Wamanyema wa siku zile waliutumia kutia rangi virambo, yaani vitambaa vilivyofumwa kwa nyuzi za mwale, na kujipamba nyuso na vichwa. Basi Livingstone hakuvumbua kitu kipya. Alitazama tu mikono ya wenyeji, akajifunza.

Na mambo aliyoyaandika kwa wino huo hayakuwa ya mchezo. Tarehe 15 Julai 1871 watu wapatao 1,500 walikuwa wamekusanyika sokoni Nyangwe, wengi wao wanawake, kila mmoja na mzigo wake wa kuuza. Watu wa mfanyabiashara mmoja walianza kuwapiga bunduki. Wanasoko walikimbilia mitumbwi, mitumbwi ikapinduka, wengi wakachukuliwa na maji ya Lualaba. Waarabu wenyewe walikadiria kuwa waliokufa walikuwa kati ya 330 na 400. Livingstone aliyaona hayo kwa macho yake, akayaandika juu ya karatasi za gazeti kwa wino wa mbegu. Barua zake zilipofika Uingereza mwaka 1872 zilisomwa na watu wengi, zikawatia nguvu wale waliokuwa wakitaka biashara ya watumwa ikomeshwe. Na tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Unguja alikubali mkataba wa kuyafunga masoko ya watumwa katika nchi yake.

Msomaji atauliza, habari hii yawahusu nini watoto wanaojifunza nyumbani? Yawahusu sana. Mwezi wa Machi 2020, ugonjwa wa Korona ulipoingia, shule zote za Kongo zilifungwa, na watoto wengi hawakurudi darasani mpaka mwezi wa Oktoba. Zilifungwa tena mwezi wa Desemba mwaka uleule, zikafunguliwa mwezi wa Februari 2021. Tena Korona haikuwa sababu ya kwanza wala ya mwisho. Katika Kabambare na sehemu nyingine za Maniema ya kusini, watu wamekimbia vijiji vyao mara nyingi kwa ajili ya vita, na shule ikakimbiwa pamoja na kijiji. Ziko pia sababu ndogo zisizotangazwa na serikali: mto umefurika, mama ni mgonjwa, mwalimu hajalipwa. Siku hizo mtoto hukaa nyumbani, na baada ya miezi miwili mkono wake umesahau kushika kalamu. Wazazi wakiulizwa mbona hawakumpa kazi, jibu ni moja: hakuna karatasi, hakuna kalamu, hakuna rangi. Lakini vitu hivyo vyaweza kutengenezwa, na mahali penyewe ni Nyangwe.

Kazi ya kwanza basi ni wino. Mzingefuri ni mti mdogo, asili yake nchi za joto za Marekani ya kusini, lakini umepandwa katika nchi nyingi za Afrika tangu zamani. Matunda yake yana miiba laini isiyochoma, na likikauka tunda hupasuka lenyewe, mbegu zikaonekana, kila mbegu imevaa ngozi nyembamba nyekundu. Rangi imo katika ngozi hiyo, si ndani ya mbegu. Kwa hiyo mtoto asizitwange. Azifikiche tu kwa vidole.

Hapa wengi hukosea. Hutia mbegu katika maji matupu, wakaona maji yamekuwa mekundu, wakafurahi; baada ya saa moja rangi yote imezama chini kama tope, na juu yamebaki maji hafifu. Sababu ni kwamba rangi ya mzingefuri hupenda mafuta kuliko maji. Ndani ya mawese ya moto huyeyuka vizuri sana, ila mawese huenea katika karatasi na kuacha doa. Basi rangi ya mawese na itumike juu ya mti na kibuyu. Kwa karatasi iko njia nyingine, nayo ni maji ya majivu. Mtoto na atie majivu safi ya kuni katika maji, ayaache yatulie usiku mzima, asubuhi amimine taratibu maji ya juu bila kuyavuruga. Achukue kiganja kimoja cha mbegu na nusu kikombe cha maji hayo, yapashwe moto kidogo, kisha azifikiche mbegu humo kwa kijiti. Maji ya majivu huivuta rangi na kuiyeyusha. Kisha achuje kwa kitambaa, na wino ukiwa mwepesi mno, ubandikwe motoni mpaka upungue nusu. Wanga kidogo wa mihogo, uliopikwa kama uji mwembamba, utaufanya ushike karatasi usitiririke.

Mzazi na awe karibu wakati huo. Maji ya majivu huchoma macho, wala hayanyweki. Mtoto mdogo asiachiwe chombo hicho. Na nguo nyeupe zisiwe karibu, maana rangi hiyo ikiingia katika shati haitoki kwa urahisi, na kazi iliyoanza kwa furaha itakwisha kwa fimbo.

Pasipo na mzingefuri hapakosi kitu. Masizi ya chungu yakikorogwa na uji huohuo wa mihogo hutoa wino mweusi ulio bora; kwa kweli huo mweusi hudumu kuliko ule mwekundu. Bizari hutoa manjano. Udongo mweupe na udongo mwekundu, vikipondwa na kuchujwa kwa maji, huwa rangi za ukutani. Kalamu ni unyoya wa kuku uliochongwa ncha, au utete. Brashi ni kijiti kibichi kilichotafunwa ncha yake mpaka nyuzi zikatokea, kama mswaki.

Karatasi ndiyo shida zaidi. Mfuko wa saruji huwa na karatasi kadhaa, moja juu ya nyingine. Ile ya ndani iguswayo na saruji itupwe, zilizobaki zikung'utwe nje, mbali na macho, zipanguswe, kisha zikatwe. Katoni ya sabuni ikifunguliwa ni ubao mzuri. Hata gazeti kuukuu lafaa, kama lilivyomfaa yule msafiri. Na ukuta wa nyumba ya udongo, ukipakwa upya, ni karatasi kubwa kuliko zote. Baba akitoa ruhusa kwa ukuta mmoja wa nyuma, watoto watakuwa na kazi ya wiki nzima.

Je, mtoto achore nini? Wazazi wengi humchorea wao nyumba au ndege, kisha humwambia afuatishe. Huo si ufundi, ni kunakili, na mtoto hujifunza jambo moja tu, kwamba mkono wake ni mbaya kuliko wa baba yake. Afadhali aambiwe achore kitu alichokiona jana: soko, mtumbwi ukivuka, bibi akitwanga. Iwapo amechora mtumbwi mkubwa kuliko nyumba, asichekwe. Aulizwe, "Nieleze." Huenda akajibu kwamba mtumbwi ule ulikuwa karibu na nyumba ilikuwa ng'ambo ya mto, na kumbe mtoto ameona sawasawa, na mcheka ndiye asiyeona. Akisha kueleza, aandike chini ya picha maneno mawili matatu ya maelezo yake. Hivyo picha humleta katika kusoma na kuandika, na mzazi mkatekumeni, ambaye labda yeye mwenyewe angali anajifunza herufi, atayasoma maneno hayo pamoja naye bila kuona haya.

Kazi ya pili ni udongo wa mfinyanzi. Livingstone, akiandika habari za soko la Nyangwe, aliwataja wafinyanzi waliokuwa wakivigonga vyungu vyao pande zote ili mlio uonyeshe kwamba havina ufa hata mmoja. Kipimo hicho chafaa hata leo: chungu kizima hulia, chenye ufa hukwaruza. Mtoto asianze na chungu, maana chungu ni kazi ya miaka. Aanze na vitu vidogo, samaki, mtumbwi, mbuzi, watu wa soko na mizigo yao. Udongo uchaguliwe mawe, ukandwe sana mpaka usiwe na mapovu ya hewa ndani. Vigae vya chungu kilichovunjika vikisagwa na kuchanganywa humo hupunguza kupasuka. Vitu hivyo vikauke kivulini, polepole, siku nyingi, wala visianikwe juani. Kisichokauka vizuri kikitiwa motoni hupasuka kwa kishindo, kwa sababu maji yaliyomo hugeuka mvuke yakatafuta njia ya kutoka. Mtoto aliyevunjikiwa na mbuzi wake kwa namna hiyo hataisahau habari ya mvuke, hata mwalimu akiichelewesha miaka mitano.

Wako watakaosema kuwa kufinyanga ni kazi ya wanawake, na kusuka mikeka au kuchonga kuna wenyewe. Desturi za kila kabila ziheshimiwe sokoni na katika ufundi wa watu wazima. Lakini mtoto wa miaka saba anayejifunza nyumbani hachukui kazi ya mtu. Na ajaribu zote.

Kusuka ndiko kunakofundisha hesabu. Mtoto apewe majani machanga ya mwale au ya mti mwingine ufaao, yaliyopasuliwa mapana sawasawa, nusu yake yatiwe rangi ya mzingefuri, nusu yaachwe meupe. Kwanza asuke moja juu, moja chini. Huo ni mraba mdogo mdogo, kama ubao wa dama. Kisha asuke mbili juu, mbili chini, akianza kila mstari mpya jani moja mbele. Papo hapo itatokea mistari iendayo mshazari. Akihesabu vibaya mahali pamoja, kosa litaonekana katika kila mstari unaofuata, naye atalazimika kufumua. Hapana haja ya mtu kumwambia amekosa. Kitambaa chenyewe humwambia. Katika masomo ya nyumbani, ambapo baba yuko shambani na mama yuko mtoni, mwalimu wa namna hiyo ana faida kubwa. Wafumaji wa virambo walihesabu hivyo bila kitabu, na hesabu yao ilikuwa sahihi.

Saa moja kwa siku yatosha, alasiri, jua likiwa limepungua na mwanga ungaliko, maana mafuta ya taa yana bei. Asiongezewe kazi hiyo kama adhabu. Wala mzazi asifanye haraka kuviuza vitu vya mtoto. Kikapu cha kwanza kikinunuliwa, kesho mtoto ataulizwa ametengeneza vingapi, na hapo somo limekufa, imebaki biashara.

Mwisho ni habari ya kutunza. Wino wa mbegu una udhaifu wake: mwanga huula. Karatasi za Livingstone zilisafirishwa hadi Uingereza, na kwa miaka zaidi ya mia maandishi yake yalififia mpaka macho ya mtu hayakuweza kuyatenga na maandishi meusi ya gazeti. Ndipo wataalamu walipozipiga picha kwa mianga ya rangi nyingi, mingine isiyoonekana kwa jicho, na mwaka 2011 maneno yaliyoandikwa Nyangwe yakasomeka tena. Kijijini hakuna mitambo hiyo. Kwa hiyo picha ya mtoto isibandikwe ukutani palipo na jua. Iwekwe katika sanduku au katoni, juu ya dari, mbali na mchwa na mvua. Na kabla haijawekwa, mtoto aigeuze, aandike nyuma yake kwa wino wa masizi jina lake, jina la kijiji, siku, mwezi na mwaka.