Fyekeo Lako: Makali Yake na Usalama Wako

Ni siku ya usafi. Kiranja anagawa mafyekeo, na wewe umeangukiwa na lile butu ambalo kila mtu analikwepa. Utafanyaje? Wengi wanaokota jiwe, wanachuchumaa, wanalibana kati ya magoti na kulinoa haraka haraka huku wakipiga soga. Rafiki, hivyo ndivyo vidole vinavyokatika!

KWA NINI LINOLEWE?
Fyekeo butu ni hatari kuliko lenye makali. Nyasi hazikatiki, zinalala tu. Unaongeza nguvu, unachoka, shabaha inapotea, na fyekeo linateleza kuelekea mguu wako au wa mwenzako. Kwa hiyo linoe, ila linoe kwa usalama.

HATUA ZA KUFUATA
1. Kagua mpini. Kama umepasuka au misumari imelegea, usilitumie. Lirudishe kwa mwalimu wa zamu. Bapa likichomoka hewani halichagui wa kumpiga.
2. Safisha udongo kwa brashi au kijiti, si kwa kiganja.
3. Libane kwenye jiliwa ya karakana. Kama haipo, lifunge kwa kamba imara juu ya benchi, makali yakitokeza nje.
4. Vaa glavu nzito. Tumia tupa yenye mpini, maana mkia wake mtupu unaweza kukuchoma kiganjani.
5. Sukuma tupa mbele, mbali na mwili wako, kisha inyanyue ndipo uirudishe. Tupa hukata inaposukumwa. Fuata mwinamo uleule wa makali ya zamani.
6. Usipime makali kwa kidole gumba. Fyeka nyasi kidogo, utaona mwenyewe.
7. Ukimaliza kazi, lifute, lipake oili kidogo, ulitundike mahali pasipopitwa na watoto.

Kabla ya kufyeka, okota mawe, chupa na nyaya. Vaa viatu vya kufunika, siyo ndala. Achaneni angalau mita 3. Na likikuponyoka, liache lianguke. Usilidake!

JE, SHULE YENU INA MASHINE?
Mashine ya kukatia nyasi, iwe ya kusukuma au ile ya kuendeshwa umekaa kama trekta, kisu chake kiko chini na huendelea kuzunguka kwa muda hata baada ya kuzimwa. Anayekinoa lazima azime injini, atoe ufunguo kama upo, angoje kisu kisimame kabisa, kisha achomoe waya wa plagi. Bila hivyo, kukizungusha kisu kwa mkono kunaweza kuiwasha injini. Hii ni kazi ya fundi. Wewe usiingize mkono chini ya mashine hata kama imezimwa.

UKIJIKATA
• Kandamiza jeraha kwa kitambaa safi kwa dakika 10 bila kufunua funua, na uinue kiungo juu. Damu isipokoma, endelea kukandamiza huku mkikimbilia hospitali.
• Damu ikikoma, kama jeraha ni dogo, lioshe kwa maji safi na sabuni. Usipake udongo, majivu, kinyesi cha ng'ombe wala mafuta ya taa.
• Unayemsaidia mwenzako, vaa glavu au funika mikono kwa mfuko safi wa plastiki, ili msiambukizane magonjwa ya damu kama UKIMWI na homa ya ini.
• Nenda zahanati hata kama jeraha linaonekana dogo. Beba kadi yako ya chanjo kama unayo.

KWELI AU SI KWELI?
"Kutu ndiyo inayoleta pepopunda."
Si kweli. Pepopunda huletwa na bakteria wanaoishi kwenye udongo na kinyesi cha wanyama. Hata fyekeo jipya linalong'aa likigusa udongo linaweza kuwaingiza mwilini. Dalili huanza mara nyingi kati ya siku 3 na 21: taya hukaza, shingo hukakamaa, na misuli hushtuka kwa maumivu makali. Ugonjwa huu unaua, lakini chanjo inauzuia. Chanjo ya utotoni hupungua nguvu, kwa hiyo kama jeraha lina uchafu na imepita miaka 5 tangu uchanjwe, unahitaji kuchanjwa tena.

JADILINI DARASANI
Mafyekeo mangapi ya shule yenu yana mipini mibovu? Nani anawajibika kuyanoa, na tupa iko wapi? Yahesabuni wiki hii, mpelekeeni mwalimu orodha kabla ya siku ya usafi ijayo.