Mada ya 7: Epoki ya Eosini na Mamalia Wake

Watahiniwa wengi hupoteza alama kwa kukariri majina ya wanyama wa kale bila kujua yupi alitangulia. Visukuku huonyesha mabadiliko ya viumbe vinapopangwa kwa mfuatano wa wakati. Nyangumi ni mfano mzuri.

7.1 Nafasi ya Eosini

Wakati wa kijiolojia hugawanywa katika enzi, kipindi na epoki, kuanzia kubwa hadi ndogo. Eosini ni epoki ya pili ya kipindi cha Paleojini, katika enzi ya Senozoiki. Ilianza miaka milioni 56 iliyopita na kuisha miaka milioni 33.9 iliyopita. Ilitanguliwa na Paleosini na kufuatiwa na Oligosini.

Angalizo: Dinosaria wakubwa walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Usiandike kwamba waliishi pamoja na nyangumi.

7.2 Migawanyo ya Eosini

(a) Eosini ya Awali (takriban milioni 56–48). Dunia ilikuwa na joto jingi. Huko Pakistani aliishi *Pakicetus*, mnyama wa miguu minne aliyetembea nchi kavu. Mfupa wa sikio lake ndio unaoonyesha kuwa ni wa ukoo wa nyangumi.

(b) Eosini ya Kati (takriban milioni 48–38). *Rodhocetus*, pia wa Pakistani, alikuwa na miguu mifupi na aliogelea vizuri. Popo nao walikuwepo: kisukuku cha popo *Tanzanycteris*, chenye umri wa takriban miaka milioni 46, kilipatikana Mahenge, Singida.

(c) Eosini ya Mwisho (takriban milioni 38–33.9). Dunia ilizidi kupoa. *Basilosaurus*, mwenye urefu wa mita 15 au zaidi, aliishi baharini tu. Visukuku vyake vipo Wadi Al-Hitan, Misri, jangwa ambalo zamani lilikuwa bahari. Miguu yake ya nyuma ilikuwa midogo mno kubeba mwili.

Zingatia: Wanyama hawa si lazima wawe baba, mwana na mjukuu. Ni ndugu wa ukoo mmoja wanaoonyesha hatua za mabadiliko.

7.3 Swali la mazoezi

Kwa nini miguu midogo ya *Basilosaurus* ni ushahidi muhimu?

Jibu: Mnyama wa baharini hahitaji miguu ya kutembelea. Kuwepo kwake kunaonyesha kwamba alitokana na mamalia wa nchi kavu, jambo linaloungwa mkono na visukuku vilivyotangulia kama *Pakicetus*.