Dundu Aitwaye Goliathi

Mmekwisha kusoma habari za Goliathi, lile jitu la Wafilisti lililouawa na Daudi kwa jiwe la kombeo. Basi yuko pia mdudu aliyepewa jina hilo. Ni dundu mkubwa wa misitu ya Afrika, aonekanaye tangu Kameruni na Kongo hata Uganda na pande za magharibi za Kenya. Mtaalamu wa Sweden, Linnaeus, alimwandika kwa jina hilo mwaka 1771. Dume akikua sana hufika sentimeta 10, naye ana pembe yenye ncha mbili kichwani, ndiyo silaha yake. Jike hana pembe; kichwa chake ni bapa kama sepetu, maana yeye ndiye achimbaye udongo ili atage. Madundu wengi hufunua ngao zao za mgongoni warukapo. Huyu hazifunui, bali hupenyeza mbawa zake kando, akaenda akivuma.

Watu wa Ulaya, Marekani na Japani hupenda kumfuga nyumbani, kama sisi tufugavyo njiwa. Kwa kuwa hawana msitu wa joto, yawapasa kumtengenezea. Humweka katika sanduku lenye matundu ya hewa, katika joto la digrii 25 hivi, na ndani hutia udongo uliochanganywa na majani yaliyooza. Udongo huo uwe na unyevu wa kiasi: ukiufinya mkononi ushikane, wala usichuruzike maji. Dundu mzima hana taabu. Hula ndizi mbivu na utomvu mtamu wa miti. Kazi iko kwa watoto wake.

Yai huangua buu mweupe, mnene, aliyejikunja. Hujivua ngozi mara mbili, na akilishwa vema uzito wake huweza kukaribia gramu 100. Yaani mtoto ni mzito kuliko mzazi! Wafugaji wa kwanza walimpa majani yaliyooza tu, kama mabuu wengine, wakaona hakui. Kumbe huyu ataka na chakula cha namna ya nyama. Siku hizi humpa chakula kikavu cha mbwa au cha samaki, na kila kilichoota ukungu huondolewa. Tena kila buu hukaa katika kopo lake peke yake, kwa maana wakiwekwa pamoja hulana.

Akiisha kushiba hujijengea chumba cha udongo mfano wa yai, na humo hugeuka umbo. Hapo mfugaji ana kazi moja tu, nayo ni ngumu kuliko zote: kungoja. Nasema hivi kwa kuwa mimi mwenyewe nilishindwa. Nilipokuwa nikisomea ualimu niliokota mabuu watano katika jaa la samadi. Hawakuwa wa Goliathi, bali wa madundu wadogo wapendao maua. Nikawatia katika debe pamoja na samadi yao. Baada ya majuma kadhaa nikaona vyumba vitano. Wenzangu walinicheka, wakisema nafuga udongo. Nami kwa hasira nikavunja chumba kimoja kwa kisu ili niwaonyeshe. Ndani alikuwamo mdudu mweupe, laini, miguu ameikunja kifuani kama mtu alalaye. Akajipinda mara moja. Nilijaribu kuziba ufa kwa matope, lakini alipotoka ngao zake zilikuwa zimekunjamana. Hakuruka kamwe, na siku ya tatu akafa. Wale wanne nisiowagusa walitoka wazima.

Lipo na jambo jingine. Mdudu wa nchi ya mbali asiachwe kutoroka. Dundu mmoja wa Asia, mwenye pembe kama kifaru, aliingia Samoa mwaka 1909 pamoja na miche ya mpira, akatoboa mioyo ya minazi mpaka mingi ikafa. Mwaka 2007 akaonekana katika kisiwa cha Guam, na huko nako amefanya uharibifu mwingi. Hakuletwa na wafugaji, lakini madhara hayajali aliyeyaleta. Kwa hiyo Marekani humtaka mtu aingizaye madundu wa kigeni awe na kibali cha serikali. Mfugaji mwema, akichoka na madundu wake, huwapa mfugaji mwingine, hawaachilii bustanini.