Nuru na Giza katika Kiwanda cha Chuma

Someni kwanza Yohana 1:1-9, kisha fuateni khabari za sanamu moja. Mwaka 1772 Mwingereza Joseph Wright, mtu wa mji wa Derby, alichora kwa rangi kiwanda cha kufulia chuma. Mwaka wa pili yake Richard Earlom aliichora tena katika bamba la shaba, ipigwe chapa, wengi wapate kuinunua.

Sisi tuandikapo huanza na karatasi nyeupe, tukaongeza weusi. Earlom alianza na weusi. Kwa kazi ya namna hii bamba lote hukwaruzwa kwanza kwa chombo chenye meno madogo, hata liwe na vinundu visivyohesabika vyenye kushika wino. Likipigwa chapa wakati huo, karatasi hutoka nyeusi yote. Ndipo fundi hukwangua na kulainisha, polepole. Palipolainika wino haushiki, napo hung'aa. Nuru yote ya sanamu hiyo imetolewa gizani kwa mkono.

Nayo yatoka katika kipande cha chuma cheupe kwa moto, chini ya nyundo kubwa iendeshwayo kwa nguvu za maji. Mwenye kiwanda amesimama, amekunja mikono. Mkewe na watoto wapo, nyuso zao zaangazwa. Na chuma chenyewe kimeshikwa na nani? Na mfanya kazi aliyeinama, koleo mkononi, ametugeuzia mgongo. Mwili wake ni giza mbele ya nuru.

Hapa nina neno kwa walimu. Twasema upesi kwamba giza ni dhambi, na kila aliye gizani ni mwovu. Nami nilifundisha hivyo miaka mingi. Kweli, katika Yohana giza ndilo lishindanalo na nuru, wala tusilipunguze neno hilo. Lakini katika Mwanzo 1:5 Mungu alilipa giza jina, hakulilaani. Yule mwenye koleo si mwovu kuliko tajiri wake. Yu gizani kwa kuwa amesimama kati yetu na nuru, akiishika ili wengine waone.

Tena bamba la namna hii huchakaa mapema: vinundu husagika, weusi hugeuka kijivu, na nuru nayo hufifia machoni.

Waelezeni wanafunzi wa ubatizo sanamu hii, mwaulize ni nani aliye karibu na nuru kuliko wote. Labda wengi watamtaja mwenye kiwanda. Msiwajibu upesi.