SOMO LA WIKI: Gitaa la zamani, kagua shingo kabla ya jina

Wiki hii tunaangalia magitaa yasiyotumia umeme ambayo yalikuwa ya bei nafuu tangu yakiwa mapya: Galatoni za kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, na Harmony za Chicago, ambazo kiwanda chake kilifungwa mwaka 1975.

Mnunuzi asidanganywe na bei za mnada. Galatoni aliyoipiga John Lennon ujanani iliuzwa London mwaka 1999 kwa zaidi ya pauni 140,000. Kilichonunuliwa pale ni jina la Lennon. Galatoni nyingine hupimwa kwa hali yake.

Ukaguzi uanzie shingoni. Laza rula ndefu juu ya vyuma vya shingo kuelekea kwenye daraja. Ncha ikigonga chini ya usawa wa juu wa daraja, shingo imevutwa na nyuzi. Dawa yake ni kuing'oa na kuipachika upya. Kisha gonga ubao kwa kidole. Ukisikia mtetemo wa kukwaruza, huenda mbao za ndani zimeachia gundi.

Sasa piga hesabu kwa kurudi nyuma. Tuseme likitengenezwa litauzika sh. 300,000. Toa ufundi wa shingo 180,000, nyuzi na vipuri 30,000, na faida yako 50,000. Zinabaki 40,000: hiyo ndiyo bei yako ya mwisho. Muuzaji akikataa, mshukuru uondoke. Mtaji uliobaki mfukoni bado ni mtaji.